Nyumba Imejaa Watu, Mzee Yuko Peke Yake

Kuanzia Mbeya mpaka Ludewa, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mazungumzo ya afya ya akili yakianza tu, kuna mtu atasema sonona ya uzeeni, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni ugonjwa wa Wazungu, wale wanaopeleka wazazi wao kwenye nyumba za kulelea wazee. Huku kwetu mzee ana watoto, ana wajukuu, ana majirani wanaopita asubuhi kumjulia hali. Upweke ataupatia wapi?

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana kuyajibu ni kazi. Familia inamkinga mzee kweli. Ila familia hiyohiyo yaweza kuwa ndiyo inayomuumiza, na wapo wazee wanaoishi peke yao Makete huko, kwenye baridi la Juni, ambao akili zao zimetulia kuliko za wenzao wanaolala nyumba moja na watu tisa pale Uyole. Kama idadi ya watu nyumbani ingekuwa ndiyo dawa, jambo hili lisingetokea.

"Uzee huo"

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtu aliyefiwa akilia wiki nzima hana sonona, wala mzee aliyenyang'anywa shamba akakasirika. Daktari huanza kuifikiria sonona pale mtu anapokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, akiwa na huzuni au akiwa amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Juu ya hapo usingizi unaharibika, chakula hakipandi, nguvu zinaisha, akili haitulii, anajiona mzigo, pengine anatamani afe apumzike. Si lazima dalili zote ziwepo kwa pamoja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba asilimia 5.7 ya watu waliovuka miaka 60 duniani walikuwa wakiishi na hali hiyo.

Tatizo ni kwamba mzee wa huku hatakwambia ana huzuni. Atakwambia mwili wote unauma. Kichwa kizito, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, nyayo zinawaka moto, usiku hapati usingizi. Akifika zahanati atapimwa malaria, atapimwa presha, atapewa dawa ya maumivu. Mwezi unaofuata anarudi, maumivu yamehamia mgongoni. Mhudumu ana foleni nje, nyumbani wameshasema "uzee huo", na hapo habari inafungwa. Simlaumu mhudumu, maana maumivu yenyewe ni ya kweli. Mtu mwenye sonona huumwa kikwelikweli, haigizi.

Mkanganyiko mwingine ni wa kusahau. Sonona inaweza kumfanya mzee asahau, aongee polepole, achelewe kujibu, na familia ikaamua akili imeshachoka. Wenye uzoefu huangalia namna anavyolichukulia jambo hilo mwenyewe: mwenye sonona mara nyingi hulalamika kwamba anasahau, na ukimuuliza swali hujibu haraka "sijui", wakati yule ambaye ubongo wake unadhoofika kwa ugonjwa wa kusahau huwa hajitambui sana au hujitahidi kuficha. Si kipimo cha uhakika, na magonjwa haya mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja.

Kwa ukanda huu kuna jambo la kuongeza. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa uvimbe wa shingo, goita, kwa sababu ya upungufu wa madini joto kabla chumvi yenye madini hayo haijaenea. Tezi ya shingo ikifanya kazi kivivu, mtu anachoka, anahisi baridi kuliko wenzake, anakuwa mzito wa mwili na mawazo, anakosa raha. Ukimwangalia utasema sonona tupu, kumbe ni tezi. Mtoto wa jicho na masikio kuziba navyo vina mchango wao: mzee asiyesikia huacha kwenda kwenye mazungumzo kwa sababu amechoka kucheka bila kujua watu wanacheka nini. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu familia au kuisifu, apimwe mwili kwanza.

Msaada uliopo na msaada anaoamini upo

Baada ya hapo ndipo tuje kwa watu wake. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Sheldon Cohen na Thomas Wills, walipitia tafiti nyingi wakitafuta jibu la swali moja: watu wa karibu wanamkingaje mtu na maradhi? Walikuta njia mbili. Ya kwanza hufanya kazi kila siku, hata kukiwa hakuna shida yoyote. Mtu mwenye watu ana sababu ya kuamka, anakula kwa wakati, anakumbushwa dawa, anapata pa kucheka. Njia hii inategemea kuwa ndani ya mtandao wa watu: ukoo, kanisa, kikundi, majirani. Ya pili hungoja balaa. Kikitokea kifo, ugonjwa, au nyumba kuungua, aliye na wa kumshika haanguki kwa kishindo kilekile. Na hii ya pili haitegemei sana wingi wa watu. Inategemea kama mtu mwenyewe anaamini kwamba msaada unaomfaa upo.

Kuamini huko ndiko wengi wetu tunakokupuuza, kwa sababu hakuonekani kwa macho.

Mchukue mama wa miaka 70 na kitu, upande wa Tandala, Makete. Simzungumzii mtu mmoja. Wako wengi mno. Wakinga ni wafanyabiashara, kwa hiyo watoto wake wanne wako Kariakoo, Makambako na Tunduma. Kila mwezi simu yake ndogo ya vitufe inalia, anamwita mjukuu asome, mjukuu anasoma kiasi kilichoingia na salio jipya, kisha anarudi kwenye mpira wake. Ujumbe umeisha. Akipiga yeye anaambiwa, "Mama, nina mteja hapa, nitakupigia." Ana bati jipya, ana godoro zuri, ana mablanketi ambayo hajayafungua. Ukihesabu msaada, anasaidiwa kuliko wengi kijijini. Muulize sasa: ukizidiwa usiku, nani atakuja? Atafikiri kidogo, kisha atamtaja jirani.

Pale ambapo jirani huyo yupo, mara nyingi mama yuko salama. Asipokuwepo, bati jipya halitoshi. Tafiti kuhusu wazee katika nchi nyingi zimerudia kuona hivyo: msaada ambao mtu anahisi anao huenda sambamba na afya ya akili kuliko msaada unaohesabika aliopokea. Wakati mwingine misaada mingi ndiyo dalili kwamba mambo yameharibika, kwa kuwa watu hutuma zaidi kwa mzee aliyeshaanza kuanguka.

Utafiti wa zamani unaotajwa sana hapa ni wa George Brown na Tirril Harris, uliotolewa mwaka 1978, kuhusu wanawake wa Camberwell, London. Hawakuwa wazee, lakini walichokiona kimewafungua macho wengi waliofuata. Katika wanawake waliopatwa na pigo kubwa, wale waliokuwa na mtu mmoja wa kumweleza yote ya moyoni walipata sonona kwa kiwango kidogo mno kuliko wasiokuwa naye. Mtu mmoja tu. Kwa wanawake wale mtu huyo kwa kawaida alikuwa mume au mwenza. Dada au rafiki anayeonekana mara chache hakuziba pengo hilo vizuri.

Pumzika, mama

Sasa turudi kwenye nyumba iliyojaa. Hali hii naiona sana Mbeya mjini na nadhani haizungumzwi vya kutosha, labda kwa sababu wanaohusika wote wana nia njema.

Baba amefariki kijijini, tuseme Busokelo. Matanga yakiisha, watoto wanakaa kikao na kuamua mama asibaki peke yake. Anachukuliwa na begi lake, anapewa chumba chake kwenye nyumba ya mwanawe, ndani ya geti. Wiki ya kwanza ni ya furaha. Wiki ya pili anaamka saa 11 alfajiri kama alivyozoea, anakuta mlango umefungwa na funguo anazo mtu mwingine. Anataka kufagia uwanja, dada wa kazi ameshafagia. Anakaa kuchambua maharage, anayachambua yote ya mwezi mzima kwa siku moja, kisha mkwewe kwa heshima zote anamwambia, "Mama, pumzika, umefanya kazi miaka mingi." Wajukuu wanamwamkia "shikamoo bibi" na kurudi kwenye katuni, Kinyakyusa hawakijui, na Kiswahili chao kinakwenda mbio. Jioni mwanawe anarudi amechoka. Anauliza, "Mama umekula?" Amekula.

Hajakosewa adabu hata kidogo. Hata hivyo, ndani ya miezi michache amepoteza bustani yake, majirani waliozaa na kulea wakati mmoja naye, lugha anayotania kwayo, migomba aliyokuwa akiamua ukatwe upi na uachwe upi, na kaburi la mumewe ambalo alikuwa akipita karibu nalo kila asubuhi. Kijijini alikuwa mtu wa kuulizwa. Hapa amekuwa mtu wa kuhudumiwa. Akianza kukataa chakula, nyumba nzima inashangaa: tumemkosea nini?

Kinachoumiza zaidi hapa ni kunyang'anywa uamuzi. Baba ambaye shamba lake limeuzwa na watoto "ili asihangaike" huanguka kwa namna hiyohiyo. Msaada unaomwambia mtu kwamba hawezi tena humfanya asiweze. Nimeona wazee waliokuwa wakienda mnadani wenyewe wakashindwa hata kuvuka barabara, mwaka mmoja baada ya kuanza kushikwa mkono kila mahali.

Halafu kuna nyumba ambazo hata nia njema hakuna. Karipio la kila siku, "umeshaambiwa mara ngapi", sahani inayowekwa mbele yake kwa kishindo, maneno ya chini chini kuhusu gharama za dawa, au tetesi mbaya kuliko zote, kwamba macho yake mekundu si ya moshi wa jikoni, ni ya uchawi. Mtafiti Karen Rook, aliyewachunguza wajane wazee nchini Marekani mwaka 1984, aligundua kwamba uhusiano wenye karaha ulihusiana na hali ya mtu moyoni kwa nguvu kuliko uhusiano mwema. Ndugu mmoja anayekusimanga kila siku anaweza kula faida ya ndugu watatu wanaokupenda. Ukilijua hilo, swali la kwamba mzee ana watu wangapi nyumbani linapoteza maana. Unaanza kuuliza anaongeleshwaje.

Watu wa rika lake

Tunaposema familia tunafikiria wima: mzazi, mtoto, mjukuu. Wazee wetu hawakuwaza hivyo tu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Rungwe na Kyela pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza kwa kina vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Vijana wa kiume wa umri mmoja walitoka kwa wazazi wao wakiwa bado wavulana, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakaoa hapohapo na kuzeeka pamoja. Kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza na wa rika lako kulihesabiwa kuwa ndiyo maisha yenyewe. Wanawake waliingia kwenye kijiji kupitia waume zao, kwa hiyo mpango ule haukuwapa wote sawasawa, na sitaki kuupamba. Lakini hoja iliyomo ndani yake ni nzito: mtu anahitaji wa saizi yake, hata awe na watoto kumi.

Utafiti wa sasa unaelekea hukohuko. Mara nyingi urafiki wa uzeeni unafungamana na furaha kwa karibu kuliko hata kuonana na watoto, na sababu haihitaji shahada. Rafiki unamchagua, na rafiki hakupangii. Mnakumbuka mambo yaleyale. Na ukimpa yeye leo, kesho anakupa wewe. Kwa watoto mzee ni wa kupokea tu.

Vijiji vya rika vimekwisha, ila mabaki yake yapo ukiyatafuta. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki zinazosali nyumba kwa nyumba, umoja wa akina mama wa Moravian na wa KKKT, vikundi vya kufa na kuzikana, vikoba, kwaya za wazee, kibaraza cha duka ambapo wazee wa Mafinga hukaa kuota jua la saa 4. Hivi vyote ni huduma ya afya ya akili ambayo haijaandikwa kwenye bajeti yoyote.

Ugumu wake ni kwamba vingi vina mchango. Elfu moja ya kikundi, elfu mbili ya msiba, kilo ya sukari, debe la mahindi. Bibi asiye na hela hafukuzwi na mtu. Anaona aibu mwenyewe. Anaruka kikao kimoja, anaruka cha pili, kisha anaanza kusema miguu inauma. Umaskini humtenga mzee hivyo, kimyakimya, na mwishowe watu wanasema bibi siku hizi hapendi watu. Kwa hiyo kiasi kidogo cha fedha kinachoingia mkononi mwake mwenyewe hununua zaidi ya chumvi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri kwa maskini. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Kuna ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini, ambayo inakwenda kwa kaya, si kwa mzee. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uulize nani ndani ya kaya anashika hela.

Na wanaume? Hali yao ni mbaya kwa namna yake. Mwanaume wa kizazi kile alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia mambo, naye ni mkewe. Mke akitangulia, mwanaume anafiwa na mke, mpishi na msiri wake kwa siku moja. Mwanamke mjane huwa amebakiwa na wenzake wa kisimani na kanisani. Mwanaume anabaki na kilabu. Iringa na Njombe, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, kilabuni ndiko mzee anakopata stori, utani na habari za mji, na ukimkataza kwenda utakuwa umemkatia watu wake wote. Lakini pombe yenyewe, ikiwa ya kila siku, huvuruga usingizi na kuizidisha sonona. Sioni njia rahisi hapa. Wanaofanikiwa, kwa ninavyoona, ni wale ambao wenzao huwafuata nyumbani pia, bila kibuyu katikati.

Bibi anayelea

Kuna mzigo mmoja unaoihusu mikoa hii kuliko mingine. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Dawa za kufubaza virusi zimeokoa maisha ya wengi, lakini miaka ya kabla ya dawa kuenea iliacha nyumba nyingi zenye bibi na wajukuu, kizazi cha katikati hakipo. Bibi aliyezika watoto wawili au watatu hakupata nafasi ya kuomboleza hata mmoja vizuri, kwa sababu kulikuwa na mtoto mchanga anayelia.

Malezi hayo yanamfanya nini? Hapa tafiti zinaonekana kupingana, na nadhani zote zina ukweli. Kutoa kuna faida. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2003, uliowafuatilia wanandoa wazee 423 kwa miaka mitano, uliona kwamba waliokuwa wakiwasaidia wengine walipungukiwa na hatari ya kufa, huku kupokea msaada pekee kukiwa hakuna faida hiyo. Bibi anayemwandalia mjukuu uji wa shule ana sababu ya kuamka ambayo yule mama wa ndani ya geti hana. Upande wa pili, bibi wa miaka 75 anayelima kibarua ili wanne wapate madaftari, akiwa na magoti mabovu na msiba ambao hajawahi kuulilia, yuko kwenye hatari kubwa ya sonona. Kinachotenganisha hao wawili ni kama mzigo unalingana na nguvu zake, na kama yupo wa kumpokea siku akishindwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, waliokaa pembeni husema bibi ni jasiri na kwenda zao.

Kipi kilianza

Kabla hujampigia simu ndugu yako kumlaumu kwamba amemtelekeza baba, fikiria upande mwingine. Sonona yenyewe hufukuza watu. Mzee aliyekuwa mcheshi anakuwa mkali, analalamika, anakataa chakula alicholetewa kutoka mbali, anasema "bora nife mpumzike", hapokei simu. Mara ya tano mtoto anachoka. Anapunguza kupiga. Mzee anaona kweli wamemwacha, anazidi kujifungia. Ukiwakuta hapo ukawahoji siku moja, utaandika kwamba mzee hana msaada na ana sonona, na hutajua kipi kilimzaa mwenzake. Tafiti nyingi zimefanywa hivyo, kwa kuwauliza watu mara moja tu. Zile chache zilizofuata wazee kwa miaka zinaonyesha mambo yanakwenda pande zote mbili.

Hii ina maana kwa familia: mara nyingine uhusiano hautarudi mpaka ugonjwa utibiwe. Kumwombea, kumbembeleza na kumtembelea ni vizuri, lakini kuna hatua ambayo mzee hawezi kuipokea hiyo huruma hata ikija kwa gunia.

Tiba ipo, na si lazima ianzie Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, jina ambalo linawafanya wengi wakimbie wakisikia tu afya ya akili. Mfano wa kuvutia kuliko yote uko Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza Harare, katika mtaa wa Mbare, kuwafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, namna ya kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsaidia achague tatizo moja na kulitafutia njia hatua kwa hatua. Jaribio la kitabibu lililochapishwa 2016, lenye watu 573, lilikuta kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 kwa waliokaa na bibi, dhidi ya 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa walikuwa watu wazima wa rika mbalimbali, si wazee tu. Nami huwa nawaza upande wa pili wa benchi lile: kuna bibi ambaye kila asubuhi anajua anasubiriwa.

Kwa mzee wa hapa, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, na akihitaji zaidi kuna madaktari wa afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimhesabu mzee kuanzia miaka 60 na ilitaka asiye na uwezo atibiwe bure, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Akipewa dawa za sonona, asitegemee nafuu siku ya tatu. Huchukua wiki mbili hadi sita, na kwa kawaida huendelea kutumiwa angalau miezi 6 baada ya nafuu, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumsukuma asiziache. Amitriptilini, ambayo ni ya bei nafuu na inapatikana kirahisi, humkausha mzee mdomo, humzuia mkojo, humtia kizunguzungu na kumwangusha. Ikiwa imeandikwa, uliza kama kuna nyingine inayomfaa zaidi umri wake.

Akisema anatamani kufa, muulize wazi kama amefikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulisema. Dawa za kupulizia viazi na mahindi, ambazo nyumba nyingi za huku huziweka uvunguni au juu ya kabati, zifungiwe mahali asipofika, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali. Atakayempeleka amweleze daktari alivyomwona mzee nyumbani, usingizi, chakula, maneno anayoyasema. Kisha atoke nje kwa dakika chache na kuwaacha wawili, maana kuna mambo mzee hawezi kuyasema mbele ya mwanawe.